Umeme wa moyo ulitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka yai la kuku hadi kamongo na mamba

Maswali haya hurudi tena na tena. Huulizwa na wanafunzi wa baiolojia, na wazazi ambao mtoto wao amekutwa na hitilafu ya mapigo, na watu waliowahi kuona moyo wa samaki ukiendelea kupiga juu ya ubao wa jikoni. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya msingi

Moyo una umeme kweli, au ni namna ya kusema tu?

Ni umeme kweli, ila si kama ule wa waya wa nyumbani. Kila seli ya moyo ina utando unaotenganisha chaji: ndani ni hasi kuliko nje. Ikisisimuliwa, milango ya utando hufunguka, ioni za sodiamu na kalsiamu huingia, kisha potasiamu hutoka na seli hurudi ilivyokuwa. Seli jirani zimeunganishwa kwa vitundu vidogo sana, hivyo msisimko wa moja humwagikia nyingine. Wimbi likipita, misuli hujikunja.

Wimbi hilo hufika hadi kwenye ngozi. Augustus Waller alilirekodi kwa binadamu jijini London mwaka 1887, na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, akatengeneza mashine iliyolichora kwa usahihi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mistari ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) unayoiona hospitalini leo bado inaitwa kwa herufi alizochagua yeye: P, Q, R, S na T.

Nani anauamuru moyo upige? Si ubongo?

Si ubongo. Neva huweza kuuharakisha au kuupunguza mwendo, lakini amri ya kupiga hutoka ndani ya moyo wenyewe. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa hupiga ingawa neva zake zilikatwa.

Seli za kawaida za moyo hutulia zikisubiri kusukumwa na jirani. Seli za kiongozi wa mapigo hazitulii. Utando wao huvuja: ioni huingia kidogo kidogo hadi kiwango fulani kifike, na seli inajilipua yenyewe, kisha inaanza upya. Kwa binadamu aliyepumzika hilo hutokea mara 60 hadi 100 kwa dakika. Mwaka 1852 Stannius, Mjerumani, alifunga uzi kwenye moyo wa chura, kati ya mfuko unaopokea damu na vyumba vinavyofuata. Mfuko uliendelea kupiga, sehemu nyingine zikasimama. Kwa uzi mmoja akaonyesha mahali mwenye amri anapokaa.

Kwa mtu mzima, umeme hupita njia gani?

Huanzia kwenye kifundo cha sinusi, juu kulia, mahali mshipa mkubwa wa damu unapoingia moyoni. Kutoka hapo husambaa katika vyumba viwili vya juu, kisha hukutana na kifundo cha kati, kilicho mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Hapo huenda pole mno, kama sentimita 5 kwa sekunde. Ukivuka, huingia katika tita la His (kifungu cha nyuzi kinachoshuka kwenda vyumba vya chini), hugawanyika matawi mawili, kisha hukimbia kwenye nyuzi za Purkinje, zinazosambaa ndani ya vyumba hivyo, kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na misuli ya chini hujikunja karibu kwa pamoja, kuanzia nchani.

Shika hizo kasi mbili akilini, kwa sababu karibu kila jibu hapa chini linazirudia. Sehemu za pole ndizo za kale, na zile za mbio ni za juzi.

Nani waligundua njia hii?

Iligunduliwa kinyumenyume, kuanzia mwisho wake. Jan Purkinje aliona nyuzi za kijivu chini ya ngozi ya ndani ya moyo wa kondoo mwaka 1839, bila kujua kazi yake. Wilhelm His mdogo alieleza tita lake mwaka 1893. Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marburg, Ujerumani, katika maabara ya Ludwig Aschoff, ndiye aliyeunganisha vipande mwaka 1906: alionyesha kifundo cha kati na kwamba nyuzi za Purkinje ni ncha za tita la His. Kwangu mimi huyu ndiye shujaa wa hadithi nzima, na jina lake halitajwi inavyostahili.

Chanzo cha umeme kilipatikana mwisho. Martin Flack, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa akichunguza vipande vya moyo wa mnyama mdogo wa Ulaya anayechimba ardhi kama fuko wetu. Mwalimu wake, Arthur Keith, alikuwa ametoka na mkewe kuendesha baiskeli katika vijiji vya Kent. Waliporudi, Flack akamwonyesha tishu ya ajabu kwenye mlango wa moyo. Walichapisha habari zake mwaka 1907.

Naweza kuiona kwa macho yangu?

Sehemu yake, ndiyo. Nunua moyo wa ng'ombe buchani, upasue upande wa kushoto, uutazame ukuta wa ndani mahali penye mwanga. Utaona vijiuzi hafifu vyeupe vikitambaa chini ya ngozi nyororo, na vingine vikining'inia kutoka ukuta hadi ukuta kama kamba. Ndani yake mna nyuzi za Purkinje. Upande wa kulia kuna daraja nene la nyama linalovuka chumba; hilo nalo hubeba tawi la tita.

Ukiendelea kukata kuelekea pale mshipa mkuu unapoanzia, kisu kinaweza kugonga mfupa. Ng'ombe ana mfupa moyoni, katika ile pete ngumu inayotenganisha vyumba vya juu na vya chini. Sababu ya pete hiyo iko kwenye swali la ukuta, chini.

## Ndani ya yai na ndani ya tumbo

Moyo wa kiinitete huanza kupiga lini?

Wa binadamu kama siku ya 22 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi mama akiwa bado hajajua. Wa kuku, katika siku ya pili yai likiwa limeatamiwa. Wa samaki-pundamilia, yule mdogo mwenye mistari anayefugwa maabara, kabla au karibu na saa 24 baada ya yai kurutubishwa.

Umeme hutangulia pigo. Mwaka 1981 Kohtaro Kamino na wenzake nchini Japani walitumia rangi zinazobadilika mwanga kufuatana na chaji, wakaona misisimko katika moyo wa kiinitete cha kuku kabla haujatikisika hata kidogo. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza samaki-pundamilia walionyesha kwamba mapigo ya kwanza hayaji kwa kupapasa sehemu moja moja. Chaji na kalsiamu hupanda polepole katika tishu nzima, kiwango kikivukwa, moyo wote unawaka kwa mara moja. Mahali lilipoanzia pigo la kwanza hutofautiana kati ya kiinitete na kiinitete, kisha panatulia.

Wakati huo moyo una vifundo?

Hauna. Ni bomba tu. Wimbi huanzia upande damu inapoingilia na kutambaa polepole hadi upande wa kutokea, kama mkono unaokamua chuchu ya ng'ombe. Bomba linapokua, seli mpya huongezwa kwenye mlango wa kuingilia, na seli za huko ndizo huwa na kasi ya kujilipua kuliko zilizotangulia. Kwa hiyo uongozi wa mapigo huhama ukifuata mlango. Katika kiinitete cha kuku huanzia upande wa kushoto, baadaye ukahamia kulia.

Basi vifundo hutoka wapi?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Tumezoea kufikiri kwamba moyo ulijengwa kwanza, kisha fundi akaja kutandaza nyaya. Mambo yalikwenda kinyume chake.

Bomba la mwanzo lote lina tabia ya kifundo: hujikunja kwa unyonge, hupitisha umeme pole, hujisisimua lenyewe. Kisha sehemu fulani za ukuta wake wa nje huvimba kama puto. Puto hizo ndizo vyumba, na seli zake hubadilika: hupata nguvu ya kujikunja, hupitisha umeme haraka, huacha kujisisimua. Sehemu zilizobaki kati ya puto na puto hazibadiliki. Mlango wa kuingilia unabaki na seli zake za kale na kuwa kifundo cha sinusi. Shingo iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini hutoa kifundo cha kati.

Kwa hiyo kifundo ni tishu iliyokataa kuwa chumba, au tuseme iliyozuiwa. Wazuiaji ni jeni ziitwazo Tbx2 na Tbx3, ambazo protini zake hunyamazisha jeni za ujenzi wa vyumba. Upande wa pili wapo Nkx2-5 na Tbx5 wanaosukuma seli kuwa misuli ya kazi. Kwenye mlango wa kuingilia, Shox2 humzuia Nkx2-5 asipavamie. Kazi kubwa ya kuchora picha hii ilifanywa Amsterdam na Antoon Moorman, Vincent Christoffels na wenzao.

Ushahidi mmoja unanipendeza kuliko yote. Ukichukua ECG ya kiinitete cha kuku baada tu ya vyumba kuvimba, inafanana na ya mtu mzima: wimbi dogo, mapumziko, wimbi kubwa. Hakuna kifundo kinachoonekana kwa hadubini wakati huo. Mpangilio wa haraka, pole, haraka unatosha kutoa mchoro huo.

Upole wa ile shingo una faida gani? Kwa nini umeme usikimbie moja kwa moja?

Vyumba vya juu vinahitaji muda kumalizia kuijaza damu sehemu ya chini. Kwa kiinitete kuna zaidi: hakina vali bado. Shingo inayojikunja pole na kubaki imejikunja hubana njia, damu isirudi nyuma. Kabla ya kuwa kifundo, shingo hiyo ilikuwa vali.

Kwa nini kifundo cha sinusi kipo kulia tu?

Upande wa kushoto una jeni iitwayo Pitx2, ambayo huzuia kifundo kisijengeke huko. Kuna watoto huzaliwa pande mbili za moyo zikiwa zimefanana. Zikifanana na kulia, hupatikana vifundo viwili vya sinusi. Zikifanana na kushoto, kifundo huweza kukosekana kabisa au kuwa mahali pasipo pake, na mapigo huwa ya polepole.

Nyuzi za Purkinje ni neva?

Sio. Ni seli za misuli ya moyo zilizobadili kazi. Robert Gourdie na Takashi Mikawa walilithibitisha hilo miaka ya 1990 kwa kutia alama seli za kiinitete cha kuku kwa virusi visivyo na madhara: seli mama ileile ilizaa misuli ya kawaida na nyuzi za Purkinje. Katika kuku, ishara ya kubadilika hutoka kwenye mishipa ya damu ya moyo, kupitia kemikali iitwayo endothelini. Katika panya, ishara nyingine, neuregulini, kutoka kwenye ngozi ya ndani ya moyo ndiyo yenye uzito. Tofauti hii itatufaa kwenye swali la ndege na mamalia.

Ule ukuta wa kuzuia umeme, yaani ile pete ngumu ya mpakani, hujengwaje?

Mwanzoni misuli ya juu na ya chini imeungana pande zote za shingo. Baadaye seli kutoka kwenye ngozi ya nje ya moyo huingia kwenye mpaka, hutengeneza pete ya tishu ngumu isiyopitisha umeme, na kukata viungo vyote isipokuwa kimoja, tita la His. Ujenzi huo hauishi mara moja; vijinyuzi vya misuli vinavyovuka pete huonekana hata kwa watoto wachanga.

## Kutoka baharini hadi nchi kavu

Moyo wa kale zaidi ulikuwaje?

Amfioksasi, jamaa wa mbali wa wenye uti wa mgongo, hana moyo hasa. Ana mishipa inayojikamua yenyewe. Ciona, mnyama kama kifuko anayejishikiza kwenye miamba ya bahari, ana bomba lenye viongozi wa mapigo ncha zote mbili. Husukuma damu upande mmoja kwa muda, kisha hugeuza. Kwetu ncha moja ilishinda milele.

Hagfishi, samaki asiye na taya anayeishi kwenye matope ya kina cha bahari, ana moyo usio na neva hata moja, na mmoja wa aina yake kutoka Pasifiki ameonekana kuendelea kupiga moyo kwa saa 36 bila oksijeni kabisa.

Samaki anaishije bila tita la His?

Anaishi vizuri sana. Moyo wake una mfuko wa kupokea damu ambamo kiongozi wa mapigo hukaa, chumba kimoja cha juu, shingo ya pole, na chumba kimoja cha chini. Ndani ya chumba cha chini mna mtandao wa vijiboriti vya nyama, kama sponji. Umeme hufuata vijiboriti hivyo. Kwa samaki-pundamilia mzima na kwa baadhi ya vyura, msisimko hufika nchani kwanza kisha hupanda, kama kwetu, bila nyuzi za Purkinje. Sponji ndiyo njia yao.

Na kamongo?

Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu, na moyo wake umeanza kugawanyika: kuna ukuta nusu kati ya damu itokayo mapafuni na ile ya mwili. Ugawaji wa vyumba ulikwishaanza kwa samaki kabla ya wanyama kuhamia nchi kavu. Umeme wake bado ni wa kisamaki. Chura ana vyumba viwili vya juu vilivyokamilika na kimoja cha chini. Maelezo ya umeme ni yaleyale ya samaki.

Mijusi, kasa na mamba je?

Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliitafuta njia ya umeme ya wanyama wa damu baridi wasiipate, wengine wakahitimisha kwamba ya ndege na ya mamalia ilizuka bila asili. Kosa lilikuwa kutafuta waya. Mwaka 2012 Bjarke Jensen na wenzake walilinganisha jeni zilezile, Tbx3, Tbx5 na nyingine, katika mioyo ya samaki, vyura, mijusi na ndege. Mpangilio ulikuwa mmoja: mlango wa kuingilia wenye Tbx3, shingo yenye Tbx3, na sponji ya ndani inayofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na nyuzi za Purkinje. Viungo vya ujenzi vilikuwepo. Havikuwa vimejitenga na kuwa njia zinazoonekana.

Mamba ana nafasi ya pekee, maana ndiye mtambaazi mwenye vyumba vinne vilivyotengana kabisa. Uchunguzi wa mamba wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anacho kitu kama tita la His, kimelala juu ya ukuta wa kati. Nyuzi za Purkinje hana. Naliona hili kuwa muhimu sana: mamba ana damu baridi, kwa hiyo tita linaonekana kwenda pamoja na ukuta kamili wa vyumba vya chini, wala si na joto la mwili. Ukuta ulipofungwa, njia iliyobaki ya umeme kushuka ilikuwa kwenye kilele chake.

Ndege na mamalia walirithi nyuzi za Purkinje kwa babu mmoja?

Hapana. Babu yao wa mwisho wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na watambaazi waliobaki katika ukoo wa ndege hawana nyuzi hizo. Kila upande ulizitengeneza kivyake kutokana na sponji ileile. Ndiyo maana ishara zinatofautiana. Ndege ana nyuzi zinazofuata mishipa ya damu ndani ya ukuta; binadamu na panya wanazo karibu na uso wa ndani tu; ng'ombe, mbuzi na nguruwe wanazo hadi karibu na uso wa nje.

Kilichowasukuma wote wawili ni kasi. Mnyama wa damu moto huhitaji mapigo mengi, na sponji inachukua nafasi ambayo damu ingekaa. Kuta zikawa nene na nyororo, na sponji ikasinyaa ikabaki nyuzi za mbio.

Mfumo uleule unafaaje kwa kirukanjia na kwa nyangumi?

Kirukanjia wa Etruria, mnyama wa gramu 2 hivi, hupiga moyo zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Nyangumi buluu aliyepimwa Monterey Bay, California, alishuka hadi mapigo 2 kwa dakika akiwa mbizini, na 25 hadi 37 juu ya maji. Ila muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi vya chini, unaojumuisha kusubiri kwenye kifundo cha kati, haubadiliki kwa uwiano wa mwili: kama sekunde 0.04 kwa panya, 0.12 hadi 0.20 kwa mtu. Mtu ana uzito wa panya mara elfu kadhaa, na kusubiri kwake hakufiki mara kumi.

## Pale historia inapogeuka maradhi

Kwa nini hitilafu nyingi hutokea sehemu zilezile?

Kwa sababu ni mipaka. Mahali ambapo tishu ya kale na ya chumba hukutana, mabadiliko kidogo ya jeni huacha mabaki. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba mtetemo wa vyumba vya juu (mapigo ya mbio yasiyo na mpangilio) mara nyingi huchochewa na misuli iliyo kwenye midomo ya mishipa itokayo mapafuni, upande wa kushoto. Mwaka 2007 uchunguzi ulioongozwa kutoka Iceland ukakuta alama za kurithi za mtetemo huo jirani na jeni ya PITX2, ileile inayozuia kifundo kisiote kushoto.

Mtoto wangu anapata mapigo ya mbio ghafla, nikaambiwa ana njia ya ziada. Ilitoka wapi?

Ni uzi wa misuli uliovuka ile pete na haukukatwa. Umeme hushuka kwa njia halali na kurudi kwa njia ya ziada, ukizunguka. Wolff, Parkinson na White walieleza hali ya namna hii mwaka 1930. Kwa watoto wengi wachanga mapigo haya hupungua au kuisha ndani ya mwaka wa kwanza. Yakiendelea, njia inaweza kuchomwa kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa. Akizimia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto anaweza kuzaliwa kifundo kikiwa kimeharibika?

Ndiyo. Mama mwenye kingamwili aina ya Ro (zinazoshambulia tishu za mwili wenyewe), hata asipojisikia mgonjwa, anaweza kuzipitisha kwa kijusi, zikakidhuru kifundo cha kati, mara nyingi wiki ya 18 hadi 24. Hutokea kwa takriban 1 hadi 2 kati ya mimba 100 za kina mama wenye kingamwili hizo. Mapigo ya mtoto hushuka kwa sababu sehemu ya chini inajiongoza yenyewe. Akipata mama mmoja mtoto wa hivyo, mimba inayofuata ina hatari kubwa zaidi na inafaa kufuatiliwa mapema.

Inawezekana kukuza kifundo kipya badala ya betri ya moyo, kifaa kinachopandikizwa ili kuupigisha?

Kwa wanyama imeshafanyika. Mwaka 2013 watafiti wa Los Angeles waliingiza jeni ya TBX18, inayotumika kiinitete kinapojenga kifundo cha sinusi, katika mioyo ya simbilisi (guinea pig), na seli za kawaida za chumba zikaanza kujilipua zenyewe. Mwaka 2014 walifanya hivyo kwa nguruwe wenye mioyo iliyokatika njia, wakipitisha jeni kwa mrija bila kufungua kifua. Nguruwe walipiga kwa kasi nzuri zaidi, wakaongeza mapigo walipotembea, kwa wiki 2 za jaribio. Kwa mtu, kwa sasa, tiba ni betri. Nguruwe wale walichofanyiwa ni kukumbushwa amri iliyozimwa walipokuwa viinitete.